Kindi na Dirisha Jeusi la Kiboko

Wewe Masumbuko, toa huo mkono mdomoni. Unadhani sikuoni unavyocheka? Ati kindi atajulia wapi kompyuta! Na wewe uliyefika chuo, mbona kila wiki unalia kwamba barua zako zimepotea humohumo? Mimi niliishia darasa la nne, kisha nikafagia ofisi za watu miaka ishirini, na anayefagia huona. Asiyesadiki atoke sasa. Hakuna? Basi kaeni.

Hadithi ije?
— Ije!
Ije na nini?
— Ije na meno!
Imekuja. Ikiuma, usinililie.

Zamani, lakini si zamani sana, Kiboko alikalia bwawa. Maji yote yake. Kule chini wanyama walilamba umande, na Kindi alikuwa na watoto watatu, ndimi zimekauka kama maganda ya karanga.

Lango la bwawa halikufunguliwa kwa mikono. Lilifunguliwa kwa kompyuta. Chumba cha ndani kulikuwa na dirisha jeusi kwenye kioo: ukiandika humo neno, linatendeka. Chumba cha nje kulikuwa na kompyuta ya karani, yenye ukurasa mweupe wa kuandikia barua. Humo ukiandika neno, linabaki neno. Kompyuta mbili, waya mmoja umeziunganisha.

Kiboko alikaa mlangoni katikati, makalio huku, tumbo kule. Sheria yake moja: "Anayetaka dirisha jeusi apige hodi kwangu."

Wakapiga hodi. Swala hodi, Nungunungu hodi, Kobe hodi. Kiboko akapiga miayo: hwaaa! "Sijasema karibu."

Kindi ndiye alikuwa karani. Kazi yake kuandika sifa za Kiboko, zibandikwe ukutani kila asubuhi. Siku moja akajiuliza, "Kwa nini niende kwenye dirisha? Dirisha lije kwangu."

Akaingia kwenye mipangilio ya ule ukurasa mweupe. Akauambia ugawanyike, juu ubaki mweupe, chini uweke dirisha jeusi. Siku ya kwanza, tka tka tka, dirisha likafunguka, likajifunga. Pu! Kiboko akapiga miayo: hwaaa! Siku ya pili, tka tka tka, likafunguka, likakataa herufi. Kiboko akapiga miayo: hwaaa! Siku ya tatu, tka tka tka, likafunguka, likatulia.

Kwa furaha Kindi akaandika: *fungua lango*. Akangoja. Kimya. Kumbe alisahau kushusha alama ya kuandikia hadi kwenye dirisha jeusi! Maneno yameingia juu, katikati ya sifa. Na Kiboko huyo, gudu gudu gudu, anakuja kuzisoma.

"We karani! 'Kiboko mnene, Kiboko mzito, fungua lango.' Nini hii?"

"Sifa, mzee. Kuna mwingine hapa anayeweza kuambiwa neno hilo?"

Kiboko akafikiri. Ilimchukua muda. "Hakuna! Ni mimi tu. Na hilo jeusi la chini?"

"Kivuli chako, mzee. Umejaa chumba kizima."

"Ehee! Basi neno hilo liandike tena. Peke yake, kwenye kivuli changu, lionekane."

"Nibonyeze na kitufe cha kumalizia?"

"Bonyeza! Unangoja karamu?"

Kindi akashusha alama. Tka tka tka. Tka.

Nje lango likalia ng'wiii! Maji yakatoka chwaaa! Watoto wa Kindi wakanywa mpaka wakacheua.

"Nani amepita mlangoni pangu?" Kiboko akanguruma.

"Hakuna."

"Nani amepiga hodi?"

"Hakuna. Neno umeamuru wewe, mzee. Mtu hupiga hodi nyumbani kwake?"

"Andika funga! Upesi!"

"Mimi karani tu, mzee. Sikupiga hodi, hukusema karibu. Dirisha lako liko ndani, nenda kaandike."

Kiboko akakimbilia ndani. Lango lilikuwa limefungwa tangu enzi za baba yake. Yeye hakuwahi kuandika hata herufi. Akatafuta F. Akaweka mguu. Kwacha! F ikaenda na ndugu zake wote.

Lango li wazi hadi leo.

Hadithi yangu imeshiba, imelala, atakayeiamsha aipikie.

Mnataka funzo? Haya: mtii mkubwa wako. Fanya alichosema, pale aliposema, wala usiongeze lako. Kindi alitii neno kwa neno, na ona alivyobarikiwa.

Unacheka tena, Masumbuko? Cheka. Mimi natoka, na mlango huu nafunga mwenyewe. Ukinifuata na hodi zako, sina karibu.

Paa!