Saa ya Mzee Semkiwa

"Saa ikisema imeshiba, iulize ilikula lini." Mmeisikia leo dukani, mtu akimtania mwenzake anayejidai mambo yake safi, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa kambini kwetu, na mimi nilikuwapo. Kaeni, ila nikimaliza asicheke mtu. Methali hii ilianza hivi.

Mzee Semkiwa alikata mkonge katika shamba hili miaka thelathini na minne. Uzee ulipomfika, akili ikaanza kumtoka. Jina la binti yake Mwantumu, aliyekuwa akimtunza, lilimpotea, lakini kazi haikumpotea. Kila asubuhi alitaka kwenda kukata mistari yake. Nasi tulikuwa na dawa yake. Aliyemwona kwanza alimuuliza, "Mzee, leo unakata wapi?" Akishataja, unamwambia, "Nyapara kasema leo mapumziko." Basi, anageuka na kurudi nyumbani. Mzee yule hakuwahi kubishana na nyapara.

Kisha mwanawe wa kiume aliyeko Muscat akaleta saa janja. Ilikuwa na laini ndani yake kama simu, na Mwantumu akifungua simu yake anaona baba yuko wapi. Tulifurahi, msidhani hatukufurahi. Tukawa tunaambiana, "Mwacheni apite, ana saa." Tukaacha kumuuliza.

Miezi ikapita, saa ikaanza uongo. Inaonyesha chaji asilimia themanini, mara inazima. Ukiichomeka dakika tano inaruka mpaka tisini. Mwantumu akaipeleka kwa Kaniki, fundi simu wa njia panda. Kaniki akaizima na kuiwasha, akafuta vile vyuma vidogo vya chaji vilivyoganda jasho na vumbi. Wapi! Ndipo akamuuliza anaichaji vipi.

"Robo saa, fundi, baba akila. Robo nyingine akioga. Sitaki akae bila saa."

"Ndiyo maana. Haijawahi kuisha wala kujaa, kwa hiyo haijui tena kujaa ni nini. Inabahatisha tu. Iache iishe mpaka izime yenyewe, halafu uichaji mpaka mia bila kuichomoa. Rudia mara mbili tatu. Isipokaa sawa, betri imechoka."

"Na ikizima, baba nitamwonaje?"

"Dada yangu, siku hizo mwangalieni kwa macho."

Mwantumu alikubali kwa mdomo. Lakini kila tarakimu ziliposhuka chini ya ishirini, hofu ilimshika, akaichomeka. Alijaribu mara tatu, na mara tatu moyo ulimshinda. Simlaumu. Alimpenda baba yake mno, hakuweza kumwacha hata saa moja bila kumwona kwenye ile simu.

Jumanne moja, vuli imeanza, mzee alipita mlangoni kwangu. Nilikuwa napepeta mahindi. Nikaiona saa inawaka mkononi mwake, nikamwambia, "Habari za asubuhi, Mzee Semkiwa." Akajibu, "Njema," akaenda zake. Maneno manne tu yangemrudisha nyumbani, na sikuyasema. Nilirudi kwenye ungo wangu.

Saa nne Mwantumu alitazama simu. Chaji asilimia sabini na moja, baba yuko karibu na ghala la zamani. Akaendelea kufua. Saa saba akatazama tena: sabini na moja, ghala lile lile. Akadhani mzee amekaa anapumzika. Kumbe saa ilizima tangu asubuhi, na simu ilikuwa inamwonyesha mahali alipokuwa, si alipo.

Jioni mzee hajarudi, Mwantumu akatuita, na tulipofika ghalani hapakuwa na mtu. Tulimtafuta siku tatu kwenye mvua, tukiita jina lake, wanaume wakichanwa na miiba. Siku ya nne walimkuta katika shamba lililotelekezwa, amelala kati ya mistari, saa imo mkononi.

Siku ya matanga Mwantumu aliichomeka saa ile mbele yetu. Haikupita dakika, ikawaka na kuandika themanini na nane. Akacheka kicheko ambacho naomba nisikisikie tena mpaka nife.

"Tazameni, mama zangu," alisema. "Imeshiba. Kila siku iliniambia imeshiba, nami niliyekuwa naidonolesha robo robo sikuiuliza ilikula lini."

Tulilia tu. Maneno yake yakabaki midomoni mwa watu, wakayafupisha, yakafika madukani, na huko wasiojua wanayachekea.

Mwantumu yupo, anaishi peke yake ile nyumba ya mwisho. Akipitiwa na mzee yeyote hutoka mbio hadi njiani na kumuuliza anakwenda wapi, na wengine humwona kama mwendawazimu. Kwa hiyo mkitaka kuisema methali hii, semeni, lakini msiiseme karibu na mlango wake. Saa ikisema imeshiba, iulize ilikula lini.