Beseni la Bi. Rukia

Kabla hujala leo, soma kisa hiki, kisha mpelekee na jirani yako.

Palikuwa na tabibu mmoja, Hemedi, mwenye maneno mengi kuliko dawa. Kijijini kwake watu walikuwa wakihara mfululizo, na mjukuu wa Bi. Rukia alikuwa amelazwa kwa mara ya pili. Kila asubuhi Hemedi alisimama mlangoni mwa zahanati akifoka, "Naweni mikono kabla ya kula!" Akachora na picha, akazigawa nyumba kwa nyumba.

Kuhara hakukwisha.

"Watu wabishi hawa," akalalamika. "Sikio la kufa halisikii dawa." Lakini moyoni aliumia, maana alimpenda yule mtoto.

Mtoto alipopona, Bi. Rukia akapika pilau la shukrani, akamwalika. Hemedi alichelewa, zahanati ilikuwa imejaa wanaohara. Alipofika, akakuta watu wamekaa jamvini, beseni moja la maji likipita kwa kila mtu. Mwenyekiti akachovya. Muuza samaki akachovya. Fundi baiskeli akachovya, akasugua mpaka viwiko. Lilipomfikia mjukuu, maji yalikuwa yamegeuka mchuzi.

"Weee! Mtoto asiguse!" Hemedi akapiga ukelele.

Bi. Rukia akashtuka. "Kuna nini tena, daktari? Siku hizi hapa hali mtu bila kunawa. Hata mume wangu na ubishi wake ananawa!"

"Wote beseni moja, bibi?"

"Si ndivyo ulivyotufundisha?" Akaonyesha ukutani.

Hemedi akatazama. Ilikuwa picha yake mwenyewe: beseni moja, mikono ya familia nzima imezama ndani, wote wanacheka. Na alikuwa ameichora vizuri kweli.

Aibu ikamshika, kisha kicheko. "Kumbe mbishi ni mimi," akasema. Akamwaga yale maji, akaomba jagi na sabuni, akaanza kuwamiminia mmoja mmoja, huku akieleza kwa nini maji yapite na kwenda zake.

Alipomaliza kumnawisha wa mwisho, wenzake walikuwa wamelifagia pilau. Kilichobaki ni ukoko. Kwa njaa aliyokuwa nayo, akaurukia.

Bi. Rukia akamdaka mkono hewani, jagi tayari limeinuliwa.

"Hujanawa, daktari."

Funzo: Mwenye kufundisha afya asiishie kusema. Aende akaone watu walivyomwelewa, kabla ya kuwaita wabishi.