Mfinyanzi Aliyefungiwa Uani

Kaeni, wajukuu. Hapo kale, babu wa babu zenu hajaota hata jino, mvua haikupokewa mikono mitupu. Kila mwaka mbegu za nchi nzima zilichanganywa ndani ya mtungi mpya, Mtemi akazigawa, ndipo watu wakapanda. Bila mtungi, hakuna jembe lililogusa ardhi.

Mfinyanzi wa mtungi huo aliitwa Milembe. Na desturi ya wafinyanzi ilikuwa hii: mavuno yakiisha, mfinyanzi huacha udongo akaenda ugenini, akala vya watu, akalala kwa watu, asiguse hata kigae. Walisema anaupeleka mkono matembezi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake vilevile.

Akatawala Mtemi Ilago. Mtu mbaya yule! Nikimtaja tu natema mate.

"Matembezi?" akasema. "Mfinyanzi wangu azurure, na mimi nina wageni wa kunywesha pombe? Unataka nini, Milembe? Udongo? Utaletewa. Kuni? Utaletewa. Chakula? Utaletewa. Kaa uani kwangu ufanye kazi."

"Mtemi, sitaki kuletewa. Nataka kwenda."

"Fungeni lango!"

Likafungwa. Mavuno yakapita, na mengine yakapita, Milembe yuko ua uleule, anatazama ukuta uleule. Akakanda, akafinyanga, akachoma. Mwishowe mikono ikawa inakanda yenyewe, roho haipo. Kokoto zikabaki kwenye udongo, vidole visizisikie.

Mawingu yakakusanyika. Akakanda, akafinyanga, akachoma mtungi wa mbegu. Paa! Ukapasuka. Akakanda, akafinyanga, akachoma mwingine. Paa!

Mnacheka? Mimi sicheki. Watu walijaa uani na vikapu vyao vya mbegu, walewale wanaopikia vyungu vyake, wakapiga kelele: "Mchawi! Anafunga mvua! Nyumba yake ichomwe, afukuzwe nchini!" Hata mmoja hakuuliza, huyu mama ametoka lini humu ndani? Hasira inanipanda mpaka leo.

Milembe akainama kwenye vipande vya mtungi. Akamsogelea Mtemi, kigae mkononi.

"Mchawi ni wewe! Umenifunga kama mbuzi kambani, kisha unashangaa nimemaliza majani! Naenda ziwani kwa dada yangu. Anayetaka kuniua na anifuate."

Mlinzi akamtazama usoni, akafungua lango.

Huko ziwani, kwa dada yake aliyeitwa Nshoma, Milembe alilala mpaka jua likamchoma. Akala samaki. Akagombana na shemeji yake kuhusu chumvi, akacheka. Akakaa na wanawake wanaosuka migono, ile mitego ya kuvulia samaki, akatazama vidole vyao tu, kazi hana. Asubuhi moja akainama ufukweni, akafinya udongo, na vidole vikaikamata kokoto ndogo kuliko punje ya ulezi. Akalia machozi.

"Dada, mkono umerudi!"

Akakanda, akafinyanga, akachoma. Shingoni mwa mtungi, kabla ya kuuchoma, alichora msuko wa mgono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaugonga, ukalia ngooo!

Akarudi nao kichwani. Vigelegele! Midomo ileile, wajukuu zangu, ileile iliyomwita mchawi. Mtemi akanyoosha mikono kuupokea.

"Si nilijua unaweza? Fungeni lango. Sasa utanifinyangia kama huu kila mwezi ukiandama."

Milembe alikuwa bado ameushika. Akauachia. Paa! Miguuni pa Mtemi.

"Mwingine nitaufinyanga ziwani," akasema. "Anayeutaka aufuate huko."

Walinzi wakakimbilia lango. Safari hii watu ndio waliolishikilia lisifungwe, Milembe apite, maana mvua ilikuwa juu ya vichwa vyao. Na Ilago, Mtemi mzima, akajitwika kikapu cha mbegu, akatembea hadi ziwani, akaketi vumbini mlangoni pa Nshoma kuusubiri mtungi. Ndani walimwona. Milembe akaendelea kula samaki wake, taratibu, mwiba mmoja mmoja.

Nanyi mtakuwa wakubwa, mtakuwa na watu wa kuwafanyia kazi. Mtu akikwambia anataka kutoka, usimletee kitu. Mfungulie.

Kisa nimekitua hapo. Mwenye mabega akibebe, mwenye usingizi akalale.