Uduvi Aliyekufa Kila Asubuhi

Hadithi hii alinisimulia kwanza wifi yangu Mwanashuri, ambaye hufagia na kupiga deki kwa bwana mmoja wa Chumbageni mwenye tangi la samaki sebuleni. Alikuja kututembelea, akamkuta mwanangu Zamda amefunga mdomo mbele ya bakuli la uji, machozi yanadondokea humo humo. Mtoto alikuwa amepungua hata gauni linamteleza mabegani, na mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza. Wifi akampakata, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, na watoto wao wakaja mbio kuitikia. Nami naiandika kama alivyoisema.

Nilete nisilete?

Lete!

Ikiwa na miiba?

Lete, tutaichambua!

Ikiwa na uongo ndani?

Lete, ndio mchuzi wake!

Haya. Palikuwa na bahari moja ndogo, ndogo kabisa, haizidi kitanda cha mtoto. Bahari hiyo ilikuwa na kuta nne za kioo. Ndani yake mlikuwa na mawe ya matumbawe, mchanga mweupe, na bomba la hewa lililopumua mchana kutwa: bwibwibwi, bwibwibwi. Na mlikuwa na Chewa.

Chewa huyu mdomo wake ulikuwa mpana kama kikapu cha sokoni. Alikuwa na nguvu, alikuwa na tamaa, tena alikuwa na maringo ya chakula. Ukimpa dagaa aliyekatwakatwa, anageuza mkia. Ukimpa kipande cha pweza, anageuza mkia.

"Mimi ni Chewa," husema. "Mimi sili maiti. Kisichokimbia hakipiti kooni kwangu."

Basi kila asubuhi mwenye bahari alikwenda pwani kwa wanawake wanaovua uduvi kwa kutandaza kanga, akarudi na kikombe cha uduvi hai. Akawamwaga, chubwi! Uduvi wakakimbia, Chewa akafuata. Gwap! Gwap! Gwap! Hakubaki hata mmoja.

Ikaja mvua. Maji ya pwani yakageuka tope, wanawake wakakaa majumbani, uduvi wakaadimika. Mwenye bahari akapata kikombe cha mwisho, tena nusu. Akamwaga, chubwi! Gwap! Gwap! Gwap!

Akabaki uduvi mmoja jike, mdogo kama punje ya mchele, tena mjamzito. Mayai yake aliyabeba chini ya tumbo, kama mama aliyefunga karanga kwenye pindo la kanga. Akakimbilia huku, Chewa huyo. Akakimbilia kule, Chewa huyo. Akajibana kwenye pembe ya kioo. Njia hakuna. Ule mdomo ukafunguka, ndani giza tupu.

Uduvi akalala chali, miguu juu, kimya.

Chewa akasimama. "We Uduvi!"

Kimya.

"We Uduvi, mbona hukimbii?"

"Nimekufa, bwana mkubwa."

"Umekufa? Mbona unasema?"

"Nimekufa sasa hivi tu. Haya maneno yalikuwa njiani, ndiyo yanamalizikia."

Chewa akafikiri. Kufikiri kukamchosha. "Na huko kutikisika?"

"Ni bomba linanipepea, bwana. Lakini kama bwana mkubwa siku hizi anakula maiti, haya, karibu. Nitawaambia marehemu wenzangu kwamba Chewa naye ameanza kula kama Kaa."

"Kama Kaa!" Chewa akatema maji, pfuu! "Mimi nifananishwe na Kaa, mla makombo? Mimi sili maiti!"

Akageuza mkia.

Uduvi akainuka taratibu, akajipenyeza kwenye tundu la jiwe, akaangua mayai yake humo. Watoto wakatoka, wadogo hata jicho haliwaoni. Wakala ule utelezi wa kijani ulioota juu ya jiwe, wakakua. Mama yao akawafundisha somo moja tu.

"Chewa akija, mnafanyaje?"

"Tunakufa, mama!"

"Chewa akiondoka?"

"Tunafufuka!"

Ikawa kila asubuhi Chewa akipita anawakuta wote chali, miguu juu.

"Mmekufa?"

"Tumekufa, shikamoo!"

"Marahaba," anajibu Chewa kwa huzuni, anageuza mkia.

Sasa Chewa akaanza kukonda. Dagaa hataki. Pweza hataki. Akalala mchangani, mapezi yamelegea, ule mdomo mpana umebaki ngozi tupu. Siku moja mwenye bahari akasimama mbele ya kioo, mkono shavuni, akamwambia mkewe, "Huyu samaki akifa, tangi hili naliacha. Namwaga maji, nazima bomba."

Uduvi akasikia. Bomba likizimwa, wanawe watapumua nini? Maji yakimwagwa, wataishi wapi? Akaona kumbe njaa ya Chewa ni msiba wa nyumbani kwake.

Akawaita wanawe. "Leo hatufi. Leo tunafanya kazi."

"Kumsaidia yule, mama? Yule aliyewala shangazi zetu?"

"Yule yule. Shikeni."

Palikuwa na kipande cha dagaa kimezama mchangani. Watoto wakakishika kwa nyuma, upande ambao Chewa haoni. Wakasukuma, hima! Wakasukuma, hima! Wakakifikisha mbele ya bomba. Bwibwibwi! Kipande kikaruka, kikapinda kushoto, kikapinda kulia.

Uduvi akapiga kelele, "Jamani, anakimbia huyo! Bwana mkubwa, wewe lala tu, usimfuate. Huyo humwezi!"

Chewa akafumbua jicho moja. "Simwezi nani?"

"Huyo hapo. Ana mbio kupita kiasi. Hata sisi maiti tumeamka kumtazama."

Chewa akafumbua la pili. Akakiona kipande kinapita, hicho, hicho! Akajirusha kwa nguvu zake zote zilizobaki. Gwap!

Akameza. Akatulia. Akajilamba.

"Mm! Huyu alikuwa hai kweli kweli."

"Hai kabisa, bwana. Tulimwona anahema."

"Wapo wengine?"

"Wapo, lakini nao wana mbio."

"Basi waacheni wakimbie! Mimi ndiye Chewa!"

Tangu hapo Chewa akala maiti akidhani ni hai, akawaacha walio hai akidhani ni maiti. Mashavu yakamrudia. Mvua ikaisha, mwenye bahari akaja na kikombe kipya cha uduvi, akamwaga, chubwi! Kabla hawajafika chini, wenyeji wakawanong'oneza, "Kufeni haraka, mtaelezwa baadaye." Mwenye bahari akatazama: Chewa amenenepa, uduvi wamejaa mpaka juu ya mawe. Akawaita jirani zake waje waone. Bomba halikuzimwa.

Yangu imeishia hapo. Mkiiona ina chumvi, ongezeni maji. Mkiiona ina maji, ongezeni chumvi. Na mafunzo yake, watoto, ni mawili. La kwanza, uongo haujamsaidia mtu yeyote. La pili, usile kitu mpaka umehakikisha kinakimbia.

Zamda alikuwa ametulia mapajani kwa wifi, kidole mdomoni.

"Shangazi," akauliza, "kwani Chewa hakujua?"

"Hakujua nini, mama?"

"Kwamba ni dagaa."

"Sema polepole," wifi akamwambia, "asije akasikia."

Kesho yake asubuhi nilipika uji wa ulezi, nikautia nazi na sukari kidogo. Zamda alipouona akafunga mdomo. Sikumbembeleza. Nikachota kijiko kimoja, nikakipitisha mbio juu ya mkeka, kikazunguka kikombe, kikajificha nyuma ya goti langu, kikachomoza tena upande wa pili.

"Zamda, wewe kaa tu," nikamwambia. "Huyu humwezi."

Akakitazama. Akatambaa kukifuata.

Gwap!

Nikachota kijiko cha pili, nikakipa mbio zaidi.