Moshi wa Nyumba ya Hunaida

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba siku ya Jumatatu, mara baada ya swala ya Alasiri, katika mji mmoja wa milimani upande wa Yemeni, Bibi Lubaba binti Sahl aliitwa kwenda kuosha maiti. Wapo wanaosema ilikuwa Jumapili. Kuhusu saa hawakuhitilafiana, kwa sababu jua la siku za baridi huzama mapema huko, na ilitakiwa mazishi yawahi kabla ya Magharibi.

Marehemu alikuwa Bibi Rabab, kikongwe aliyeishi na bintiye mjane, Hunaida, mfumaji wa mablanketi ya sufu. Nyumba yao ilitazamana na ya Bibi Lubaba, kichochoro kimoja tu katikati, na kisima cha mtaa kilikuwa hapo karibu na milango yao.

Bibi Lubaba alikuwa mcha Mungu, mwingi wa funga na mwepesi wa machozi anapoisikia Akhera ikitajwa. Pamoja na kuosha maiti wa kike, alikuwa amekabidhiwa wakfu wa kuni. Tajiri mmoja wa zamani alikuwa ameacha msitu wa miti ya mireteni, na sharti lake lilikuwa kuni zake wapewe wale ambao bei ya kuni imewashinda wakati wa baridi. Mwaka huo barafu ilikuwa imeifunga njia ya ngamia. Mzigo wa kuni uliokuwa ukinunuliwa kwa kazi ya siku moja sasa haukununulika hata kwa kazi ya juma zima.

Bibi Lubaba hakupenda maskini afike mahali pa kunyoosha mkono. Basi alikuwa akipanda paani kwake kila jioni, kabla ya Magharibi, na kuyatazama mapaa ya mtaa. Nyumba isiyotoa moshi, kesho yake punda wa wakfu alipelekwa mlangoni pake akiwa na mzigo wa kuni, na mwenye nyumba hakuulizwa neno. Watu walimsifu kwa utaratibu huo. Naye, ingawa aliogopa sana kusifiwa, moyoni aliuona kuwa ni mzuri.

Nyumba ya Hunaida ilitoa moshi kila jioni.

Bibi Lubaba alipoingia alimkuta maiti amefunikwa shuka nyeupe iliyotakata. Chumba kilikuwa kimefagiwa, majani ya mkunazi yametwangwa, kafuri ipo, na maji yamejaa kwenye mtungi. Alitumbukiza mkono mtungini, akautoa upesi.

"Mwanangu, maji haya yanakata kama kisu. Hebu yapashe moto kidogo."

"Mwoshe nayo hivyo hivyo, Bibi," alisema Hunaida. "Mama hasikii baridi tena."

"Maiti ana heshima yake. Sisi humwosha kwa upole kama vile anasikia. Niletee kuni, nitawasha mwenyewe."

Hunaida akaenda chumba cha ndani, akarudi na ubao mmoja mpana, mweusi, uliolainika katikati kwa kukaliwa miaka mingi.

Bibi Lubaba aliutambua. Alikuwa ameuona tangu Hunaida akiwa mtoto, ameketishwa juu yake ubavuni mwa mama yake, wakifuma. Ulikuwa ubao wa kukalia wa mtambo wao wa kufumia.

"Huu ni wa mtambo wako, Hunaida."

"Ndio wa mwisho."

"Na nguzo zake? Na vile vibao vya kubania nyuzi?"

Hunaida alielekeza macho jikoni. Palikuwa na jivu tu, jepesi na jeupe. Hapo Bibi Lubaba akakumbuka kwamba tangu mwezi mchanga hakuwa ameusikia mtambo ukigonga ng'ambo ya kichochoro. Alikuwa ameugundua ukimya ule. Alikuwa hata ameusemea: "Hunaida ameacha kazi amuuguze mama yake, Mwenyezi Mungu amlipe." Akaenda zake kuswali.

"Lakini moshi wako nilikuwa nikiuona kila jioni!" alisema.

"Ndiyo, Bibi. Niliutoa ili uuone. Nikisikia viatu vyako kwenye ngazi ya paa, nawasha kipande. Mama anaota moto kidogo, wewe unaona moshi, unashuka. Baadaye tunajifunika yale mablanketi ambayo hayakupata mnunuzi."

"Kwa nini, mwanangu? Kuni za wakfu ni haki yenu, si zangu mimi. Ungekaa kimya tu bila moshi, punda angefika mlangoni."

"Punda yule mwenye kengele," alisema Hunaida.

Bibi Lubaba hakufahamu. Hunaida akaendelea kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwa mama yake.

"Siku ile kisimani, punda alipokuwa amesimama mlangoni kwa Shifaa, jirani yetu. Umesahau? Wanawake wakamwambia: 'Shifaa, kimbia nyumbani, mumeo amefika! Yule mwenye masikio marefu!' Mwingine akasema: 'Muulize amekuletea nini safari hii.' Shifaa akacheka nao, ndoo ikamponyoka. Nawe ulikuwapo, Bibi."

"Nilikuwapo."

"Na wewe ulicheka."

Wasimulizi wanasema Bibi Lubaba hakuwa amecheka kwa sauti. Alikuwa ametabasamu tu, akainamisha uso kwenye ndoo yake, na hakukumbuka hata siku moja kuomba msamaha kwa hilo, kwa sababu hakulihesabu kuwa ni dhambi.

Akashika ushungi wake. "Weka ubao huo. Nakwenda ghalani sasa hivi kuleta kuni."

"Ghala liko chini ya mji, na jua ndilo hilo," alisema Hunaida. "Mama alipokuwa hai hukuja na kuni. Leo usimcheleweshe kwa ajili ya kuni."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Bibi Lubaba. Basi wakaupasua ubao ule wao wawili. Ukawaka upesi, maana ulikuwa umekunywa mafuta ya sufu na jasho la mikono ya watu wawili kwa umri mzima. Maji yakapata uvuguvugu. Bibi Lubaba akamwosha Bibi Rabab, upande wa kulia kwanza kama ilivyo sunna, na kila alipomimina maji alisema, "Nisamehe, dada yangu." Hunaida alimshikia mtungi.

Bibi Rabab alizikwa kabla ya Magharibi. Jioni ile Bibi Lubaba hakupanda paani. Alishuka ghalani, akajitwika kuni kichwani mwenyewe, akaziingiza nyumbani kwa Hunaida kwa mlango wa nyuma na kuwasha moto. Ulikuwa moto mkubwa, nao ulichelewa kwa yule uliokuwa haki yake. Tena sharti la wakfu lilikuwa kuni peke yake, hivyo wakfu haukuweza kununua mtambo. Bibi Lubaba aliuza bangili zake kwa ajili hiyo, lakini seremala aliyejua kuunda mtambo wa namna ile alikuwa amekwisha kufa.

Tumche Mwenyezi Mungu, ndugu zangu, katika sadaka zetu. Bibi yule hakuiba cha maskini wala hakumsimanga mtu. Alitazama kwa uangalifu kila jioni, lakini alitazama kutoka juu, na kati yake na mlango wa jirani palikuwa na hatua chache ambazo hakuzipiga. Angebisha hodi mara moja tu, angeiona baridi ya chumba kile kabla haijamfikia kikongwe. Mola atusamehe sisi na yeye.

Asubuhi iliyofuata, baada ya jua kuchomoza, wanawake walipokuwa wamejaa kisimani, Bibi Lubaba alimwaga maji jikoni kwake mpaka kaa la mwisho likazimika. Akachukua kigae cha chungu kilichovunjika, akapita katikati yao uso wazi, akagonga kwa Hunaida.

"Hodi, mwanangu. Jiko langu halina moto. Naomba unigawie kaa."

Hakusema moto umemzimikia, maana huo ungekuwa uongo.

Kisimani kamba zilisimama. "Hata wewe, Bibi Lubaba?" aliuliza Shifaa.

"Hata mimi."

Hunaida alimtazama, kisha akakitazama kigae. Aliingia ndani, akarudi na koleo.

"Chukua mawili, Bibi," alisema. "Moja litazimika njiani."

Bibi Lubaba akayapokea. Hakuvuka kichochoro. Alizunguka kisima chote polepole, wanawake wote wamwone, kigae kikimuunguza vidole, ndipo akaenda kuwasha jiko lake.