Vipepeo wa Matenga Manne

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali hata vyura walihama bila kuaga. Maji yalibaki kwa Mzee Tembo tu, mwenye mto wa juu, naye hakuwa mchoyo ila alikuwa mgumu kuridhika. Alimwambia Simba, mfalme wa nchi ya chini, kwamba hatamwaga maji yake kwenye nchi iliyokwisha kufa. Kama msitu, kinamasi, mbuga na vilima vya Simba bado viko hai, basi amwonyeshe vipepeo wa kila upande, maana kipepeo hukaa palipo na mmea anaoutagia mayai, na mmea ukifa naye haonekani tena.

Simba angeweza kumtembeza Tembo akajionee. Lakini mfalme kuzunguka porini akitafuta wadudu ni aibu, kwa hiyo aliunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Fisi, katibu alikuwa Fisi, na nyama ya posho ya safari alikabidhiwa Fisi. Tena Simba alimwahidi kwamba Tembo akiridhika, Fisi ndiye atakayelinda maji, na anayetaka kunywa ataomba kwake.

Sungura aliposikia hayo aliingiwa na hofu. Watoto wake walikuwa wakilamba umande majanini, na alijua vizuri Fisi angetaka nini kwa kila funda la maji.

Fisi hakufika msituni wala vilimani. Aliimaliza posho siku ya kwanza, kisha akaenda kwenye kinyesi cha nyati karibu na shimo lake, ambako vipepeo weupe wa mbugani hukusanyika kufyonza unyevu na chumvi. Akawanasa, akawagawa katika matenga manne. Wa tenga moja aliwaacha walivyo. Wengine aliwapaka udongo mwekundu akawaita wa msituni, wengine masizi wakawa wa kinamasi, na waliobaki aliwapaka majivu, wakawa wa vilimani.

Sungura alimwona toka kichakani. Asubuhi ya hafla ya kumwonyesha Tembo vipepeo, alichemsha supu ya mifupa, akaijaza chumvi, akamkaribisha Mheshimiwa Mwenyekiti apashe tumbo moto kabla ya shughuli. Fisi alikunywa mpaka supu ikamtiririka kidevuni. Hakufuta mdomo, kwa kuwa hakuwahi kuufuta maishani mwake.

Kwenye hafla Simba alihutubia kwa kirefu juu ya alivyochoka kuzunguka nchi yake. Tembo alichungulia matenga, akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo Sungura akasogea mbele.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Naomba wafunguliwe. Kila mmoja anajua njia ya kwao."

Fisi alisema utaratibu wa kamati haukubali. Lakini Tembo alikuwa amekwisha kuyafungua matenga kwa mkonga.

Hakuna kipepeo aliyeelekea msituni wala vilimani. Walizunguka kidogo, wakanusa chumvi, wakatua wote kwenye kidevu cha Fisi. Walisukumana na kupiga mabawa, masizi na udongo vikapukutika, na punde Fisi akawa na ndevu nyeupe kama za babu. Wanyama walicheka, na Simba naye alicheka kabla ya kukumbuka kwamba yeye ni mfalme.

"Hawa ni wa ukoo mmoja," Tembo alisema. "Wengine wako wapi?"

"Wako kwao, Mzee. Hakuna aliyewatembelea. Twende ukawaone."

Wakaenda kwa miguu. Msituni waliwakuta wenye mabawa mapana ya buluu wakifyonza matunda yaliyooza. Kinamasini walikuwako wadogo wa kahawia kwenye matete, na vilimani wale wa rangi ya chungwa, wameng'ang'ania mawe katika upepo. Tembo aliridhika. Simba alitangaza kwamba hivyo ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Maji yalihitaji mfereji, na kazi ya kuuchimba, si ya kulinda maji, alipewa Mwenyekiti, safari hii bila posho. Alianzia vilimani, akapita msituni na mbugani, akashuka hadi kinamasini, jasho likimchuruzika. Jasho nalo lina chumvi. Kila alipofika, vipepeo wa hapo walikuja kutua mgongoni mwake na rangi zao wenyewe, mpaka akawa amewaona wote aliotumwa kuwatafuta.

Watoto wa Sungura walikuwa ukingoni wakinywa maji, na hawakuomba kwa mtu.