Mboni za Mchumba wa Shangazi

Enyi wasomaji watukufu, simameni wima, vueni kofia, zimeni simu! Leo mtashuhudia jinsi sayansi kuu ya ubongo ilivyoingia katika nyumba moja ya kawaida na kuangaza kila kona yake. Iliingia, kusema kweli, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti chenye muhuri wa dhahabu, kalamu ya bure na biskuti mbili zilizosalia kwenye chai ya semina.

Aliyeubeba mfuko huo alikuwa mwuza bima, kifungua mimba wa Bibi, ambaye watoto wote wa nyumba hiyo walimwita Baba Mkubwa. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku mbili kuhusu Upangaji wa Ubongo kwa Lugha. Huko alifundishwa kwamba mtu akikumbuka jambo la kweli, macho yake hupanda juu kushoto. Akitunga uongo, hupanda juu kulia. Alirudi kichwa kimemvimba, na siku hiyohiyo amani ikakunja jamvi lake ikaondoka.

Hakuna aliyesalimika. Ukimwamkia, alikukagua mboni kabla ya kuitikia. Ukisema sabuni imekwisha, alikusogelea mpaka ukasikia harufu ya dawa yake ya meno. Watu wakaanza kuzungumza huku wameinamia sahani kama kuku wanaodonoa.

"Mwanangu," Bibi alilalamika, "nimekuzaa mwenyewe, leo unanipekua macho kama begi la mpakani?"

"Nakuamini, Mama. Nahakikisha tu."

"Basi hakikisha na masikio. Nimesema dawa nimekunywa!"

Ajabu ni kwamba kwa watoto hakukosea kamwe. Nani amemaliza sukari? Nani amevunja kioo? Kila aliyedanganya, macho yalimpanda kulia kama bendera mlingotini. Watoto hao waliongozwa na kaka yao mkubwa, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni. Alikuwa kijana mpole, mnyenyekevu, mwenye adabu iliyotukuka na sura ya kupendeza. Bibi alimwita "mume wangu", naye alistahili.

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu kama asingekuja fundi friji.

Fundi huyo alikuwa mchumba wa Shangazi, mdogo wake Baba Mkubwa. Walikuwa wamengojana miaka, hadi fundi amalize kuwasomesha wadogo zake. Kwa kuwa Babu alikwisha kufariki, neno la ndiyo au hapana lilikuwa la Baba Mkubwa. Alimketisha mgeni sebuleni, akavuta kiti mpaka magoti yakagusana.

"Umewahi kuoa?"

"Sijawahi, kaka."

Macho ya fundi yakapanda juu, kulia, yakaganda huko.

"Unatazama nini?"

"Feni lenu. Linacheza. Skrubu moja imelegea."

"Naam!" Baba Mkubwa akainuka. "Na kisingizio alikuja nacho mfukoni! Wewe una mke mahali. Pengine wawili."

Fundi aliondoka ameduwaa, soda yake haijafunguliwa. Shangazi alibaki mlangoni, akiutazama mgongo wake ukipotea. Machozi yalimlengalenga, lakini hayakudondoka. Alikuwa mpima damu hospitalini, na wapima damu hawalii kabla ya majibu kutoka.

"Kaka," alisema, "hilo jambo lako limeshachunguzwa. Watafiti waliwarekodi watu wakisema kweli na wakisema uongo, wakafuatilia macho yalikokwenda. Hawakuona tofauti. Wakawafundisha wengine mbinu hiyo, wengine wakawaacha bila kuwafundisha. Wote wakakisia vilevile."

"Hao watafiti walilipa ada ya semina?"

"Hawakulipa."

"Basi wana wivu."

"Kaka, mimi hata damu yako siiamini bila kuipima. Nitaiaminije semina yako? Twende tukapime. Wewe utakisia, na sarafu ya Bibi itakisia. Ukiishinda sarafu, nitamwacha fundi na sitalitaja tena jina lake. Ikikushinda, utatoa ruhusa."

Baba Mkubwa alicheka hadi tai ikasogea. "Waite watoto!"

Mchezo ulikuwa rahisi. Mtoto aligeukia ukuta, akaficha kifungo cha shati kiganjani au asikifiche, kisha akageuka na kusema "ninacho" au "sina". Baba Mkubwa alitazama mboni na kutoa hukumu. Bibi alirusha sarafu: upande wa kichwa ni kweli, upande wa namba ni uongo. Ndipo mtoto alipofungua viganja vyote viwili, kila mtu akainama kutafuta kifungo.

Baba Mkubwa alipata. Akapata tena. Akaendelea kupata, sarafu ikihangaika kama mlevi gizani, mara imepatia, mara imekosea. Kila duru ilipokwisha, uso wa Shangazi ulizidi kusinyaa. Kijana wa bweni, ambaye kwa kawaida husimamia vicheko vya nyumba hiyo, hakucheka. Alikuwa ghafla amependezwa sana na zulia.

"Umeona?" Baba Mkubwa alifuta jasho la ushindi. "Fundi aende zake."

Kitu kilimkereketa Shangazi rohoni. Kazini kwake hata mashine mpya hukosea; iweje kaka yake asikosee hata mara moja? Majibu mazuri kupita kiasi humtia shaka kuliko majibu mabaya. Badala ya kuyatazama macho ya kitindamimba wa nyumba, aliishika mikono yake midogo, iliyokuwa bado wazi mbele ya watu wote.

"Mwanangu, hii nukta ya kijani kwenye kiganja chako ni nini?"

"Ni upande wa uongo, Shangazi," mtoto alijibu kwa fahari. "Mimi bado sijui kulia ni wapi. Nikidanganya naangalia juu, upande wenye nukta."

Shangazi akafungua viganja vya wengine. Nukta, nukta, nukta. Ziliwekwa waziwazi, na sebule nzima ilikuwa imeziinamia mchana kutwa ikitafuta kifungo.

Alimpeleka kila mtoto kunawa, akamwamuru atazame popote apendapo, mchezo ukarudiwa. Safari hii sarafu ilimshinda Baba Mkubwa. Bibi aliibusu sarafu yake, akasema itafutiwe cheti.

Baba Mkubwa alikuwa amewiva kwa hasira. "Nani amewafundisha hawa?"

"Mimi sijui lolote, Baba Mkubwa," alisema kijana wa bweni. Macho yake yakapanda juu kushoto, laini, taratibu, kama ya malaika anayesoma mawinguni.

Baba Mkubwa alimkagua mboni moja, kisha ya pili. "Huyu anasema kweli," akatangaza.

Watoto wote wakanyoosha vidole. Vyote vilimwelekea malaika.

Bibi alianza kucheka, Shangazi akafuata, na hapo ndipo machozi yake yalipodondoka. Baba Mkubwa pekee hakucheka. Aliketi polepole kama mtu aliyepokonywa kiti. Kesho yake alikwenda mtaani kwa fundi, akawauliza majirani, mwenye nyumba na mwenye duka, kama watu wanavyoulizia mchumba tangu zamani. Hakukuwa na mke, wala dalili ya mke. Jioni akatoa ruhusa.

Na sasa, wasomaji watukufu, mnanitazama vibaya. Mnauliza nimejuaje harufu ya dawa ya meno ya Baba Mkubwa, na kwa nini kijana yule nimempamba sifa nyingi hivyo. Haya, nimeshikwa. Kijana mpole mwenye sura ya kupendeza ni mimi. Nilianza kwa utani: niliwachora watoto nukta na kuwafundisha pa kutazama, kumfurahisha mzee na semina yake. Utani ukaota pembe, nami nikaogopa kusema, hata nilipomwona Shangazi akipoteza mume kwa nukta zangu. Nimemwomba radhi. Amenisamehe, lakini kila nikizungumza naye, hanitazami usoni, ananitazama mikono. Nimekubali hukumu: mwenye macho haambiwi tazama.